Uvimbe wa Badshah

Kilianza kitu kidogo tu, punje nyeupe juu ya jicho la samaki. Monowara aliiona asubuhi akimlisha, akadhani ni makombo. Kesho yake ilikuwa kubwa kama choroko, na maji ya tangi yalinuka udi, ingawa mjane huyu hakuwa amechoma udi tangu arobaini ya mumewe.

Samaki aliitwa Badshah, mwekundu, mnene, mvivu kupindukia. Rezaul, mwana wa pekee wa Monowara, alimwachia mama yake samaki huyo kabla ya kwenda kufanya kazi Sharjah, na tangu hapo nyumba ile ya mtaa wa Metiabruz haikuwa na pumzi nyingine ila zao wawili. Monowara alimsalimia, alimsimulia ndoto zake, alimgombeza. Hakujibiwa, lakini alisikilizwa, na kwa mpweke hilo si haba.

Alimpeleka ndani ya ndoo kwa Khokon, muuza samaki aliyezoea kumwita Khala, yaani mama mdogo. Khokon akamgeuzageuza kwenye mwanga.

"Ukungu ungekuwa laini kama pamba, Khala. Huu ni mgumu, uvimbe wa nyama." Akashusha sauti. "Mwache afe."

"Afe! Una wazimu?"

"Samaki wa nyumbani hupokea balaa la mwenye nyumba. Mama yangu kazika watano, na kila alipomzika mmoja alimwambia ahsante. Hilo lilikuja kwako, yeye kalibeba. Usimtue mzigo huo."

"Kanibebea, halafu nimtazame akifa? Nitazungumza na nani, na wewe?"

Bila kupenda, Khokon alimpa mafuta ya karafuu ya kumlaza samaki, na dawa ya buluu ya kidonda.

Alasiri umeme ukakatika, pampu ya tangi ikanyamaza. Monowara alidondosha mafuta ndani ya bakuli la maji, Badshah akalala ubavu, naye akashika wembe. Uvimbe ulipokatika haukutoa damu, ulitoa pumzi, pumzi ndefu ya moto iliyompanda mkononi, ikapita begani, ikatulia chini ya sikio, na harufu ya udi ikajaa chumba hadi akakohoa, na katika kimya kile akasikia kitu kikimeza mate, karibu, karibu mno, na halikuwa koo lake.

Badshah alipona upesi. Alikula, aliogelea, lakini Monowara akisogea kwenye kioo, samaki alikwenda kujibanza nyuma ya jiwe. Hilo lilimuuma kuliko punje aliyoipapasa chini ya sikio lake mwenyewe.

"Asalaam aleikum, Badshah," alisema jioni moja, kwa mazoea tu.

"Waaleikum salaam," ikajibu sauti chini ya sikio lake. "Jana uliota nini?"

Alipiga ukelele, akaanguka kitako, akalia mpaka adhana ya magharibi. Halafu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza, akasimulia.

Ijumaa Khokon alikuja na maulana aliyebeba maji ya kisomo.

"Khala, fungua! Majirani wanasema unaongea na mtu."

Monowara alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, shingo imevimba hata kichwa kimelala upande. Avute tu, apone. Na baada ya hapo? Nyumba kimya, na samaki anayemkimbia. Machozi yakamtoka, mkono ukashuka.

"Nendeni salama, wanangu," sauti yake ikasema, tamu, yenye furaha. "Mimi sijambo."

Maulana alimshukuru Mungu, wakateremka ngazi. Monowara alikuwa hajafungua kinywa.