Kabati Lililopita Mlango Mfupi

Bibi Ha In-rye alirudi kutoka makaburini kwa wazee wa ukoo, jioni ya vuli, tope kwenye viatu na njaa tumboni. Akavua viatu, akafungua mlango wa karatasi wa chumba chake cha ndani, akasimama pale pale.

Kabati lake la arusi halikuwapo. Karatasi ya sakafu, iliyokuwa imegeuka rangi ya asali kwa miaka mingi ya moto unaowashwa chini ya sakafu kupasha chumba joto, ilikuwa na mstatili mweupe mahali kabati liliposimama. Kando ya mstatili ule nguo zake zote zilikuwa zimepangwa chini.

"Mama Yeon-ju!" alimwita mkwewe. "Hebu njoo! Macho yangu yamezeeka au nimeibiwa?"

Kufikia asubuhi, siku ya Alhamisi, polisi walikuwa wameshampata mtu wao. Gu Pal-bok alikuwa mchuuzi wa kuzunguka mitaa ya Jinju na mkokoteni, akiwapa watu masufuria mapya ya alumini na kuchukua makabati ya zamani. Jirani alimwona nje ya lango la Bibi Ha mchana ule ule, na mwana wa Bibi akawapa polisi jina lake. Tena aliwahi kufungwa kwa kununua kengele ya hekalu iliyoibiwa. Jumamosi asubuhi angepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na miaka ile ya sabini mtu mwenye jina bovu kama lake akifika huko harudi nyumbani upesi.

Kilichobaki kilikuwa kukagua chumba, na Bibi Ha alikataa katakata kuona mabuti ya wanaume ndani mwake. Ndiyo sababu alitumwa Sajini Pyo Geum-ja, polisi mwanamke pekee pale kituoni, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa watoto waliopotea na ugomvi wa sokoni.

"Kaangalie, andika, rudi," Inspekta Cheon alimwambia. "Usiniletee mengine. Kesi imekwisha."

"Kabati limepatikana, mkubwa?"

"Litapatikana."

"Basi imekwisha nusu."

Kabla ya kuondoka, Sajini Pyo alipita mahabusu. Alimkuta Gu amekunja miguu, anakula wali kutoka kwenye kopo la bati lililofungwa vizuri kwa kitambaa.

"Mjomba Gu, umeletewa na nani hicho?"

"Nilidhani ni ninyi. Nikasema, leo polisi wameota moyo!" Gu aliinua kipande cha mzizi wa yungiyungi, chenye matundu yake, kimeiva kwa sosi ya soya. "Ila onjeni wenyewe, dada. Tangawizi tupu! Huyu mpishi kalelewa na watu wenye mafua."

Mlinzi alisema kopo lililetwa na mwanamke aliyejifunika kitambaa kichwani. Hakutaja jina wala hakungoja.

"Mkeo?"

"Mke wangu yuko Masan, analea mjukuu. Hata hajui niko humu." Gu akaweka vijiti chini. "Dada, sikiliza. Lango lile niligonga, hakujibu mtu, nikaenda zangu. Ndani sijawahi kukanyaga. Nikifungwa mara hii, mjukuu wangu nitamkuta ana ndevu."

Sajini Pyo hakumwahidi kitu. Alimmiminia maji kwenye kikombe, akaondoka.

Nyumbani kwa Bibi Ha alipokelewa na mwanawe, Jeong Sang-uk, karani wa kiwanda cha hariri, tai shingoni na saa mkononi. Nyumba ile alikuwa amekwisha kuiuza. Mwezi ujao wangehamia ghorofani, Busan. Kabati la mama yake alikuwa amekubaliana na mnunuzi wa vitu vya kale, Bwana Noh, alichukue keshokutwa.

"Lile kabati nalijua tangu nizaliwe," alisema. "Linanifika machoni nikiwa nimekaa, mbao nzito, vyuma kila pembe. Watu wanne wenye nguvu ndio walinyanyue. Gu alikuwa na genge, hilo halina ubishi."

Sajini Pyo aliutazama mlango wa chumba. Ulikuwa mfupi na mwembamba, kama milango yote ya vyumba vya ndani, inayomlazimu mtu kuinama. Alipapasa miimo yote miwili, hakuona mkwaruzo. Alipiga magoti akaitazama sakafu. Karatasi haikuchanika mahali popote.

"Sasa watu wanne na kabati wamepitaje hapa?"

"Hiyo si ndiyo kazi yenu?"

"Ndiyo, kazi yetu," alisema Sajini kwa upole, akageukia nguo.

Zilikuwa zimekunjwa kwa mpango, za baridi chini, za joto juu. Furushi moja tu halikuwa sakafuni. Lilikuwa juu ya rafu, limefungwa kwa kitambaa cheupe, na majani ya tumbaku ya kufukuza nondo yamechomekwa katikati ya mikunjo.

"Hili je, Bibi?"

"Hiyo sanda yangu," alisema Bibi Ha. "Niliishona mwenyewe, ya katani, mwaka uliokuwa na mwezi wa ziada, mwezi wenye heri kwa kushona sanda. Nimeikuta hapo juu."

"Uliiweka wewe?"

"Mwizi ndiye aliyeiweka. Mwizi mwenye adabu, eh? Sikutegemea."

Sajini Pyo aliitazama kwa muda mrefu. Alikwisha kuona nyumba nyingi zilizoibiwa. Mwizi akikuta nguo za kuzikiwa za mtu aliye hai huzitupa pembeni kama kaa la moto, au hukimbia. Huyu alikuwa amezishika kwa mikono miwili, akazitafutia mahali pa juu kuliko vyote.

Mkwe wa nyumba, Eom Mi-ran, aliyeitwa Mama Yeon-ju kwa jina la bintiye, aliingia na meza ndogo ya chakula, akaiweka mbele ya mgeni akiwa ameinamisha macho.

"Jumatano ulikuwa wapi, Mama Yeon-ju?"

"Sokoni, Sajini. Nilikwenda kutafuta kabichi za kuchachusha kimchi."

"Akarudi na mbili!" Bibi Ha alicheka. "Kutwa nzima, kabichi mbili! Na yeye ndiye anayelilia kabati la kisasa lenye kioo. Mwizi kamsaidia."

"Mama, jamani," Mi-ran alinong'ona.

Sajini Pyo alikula polepole. Palikuwa na supu, kimchi, na mizizi ya yungiyungi yenye tangawizi iliyomtoa machozi. Akaomba aongezewe.

"Mkwe wangu anapika vizuri," Bibi Ha alisema, "mkono wake ni mzito tu kwa tangawizi. Mimi usiku wa jana sikulala. Wajukuu walilala kwangu, wakanipiga mateke usiku kucha. Mama yao kazima moto wa chumba chao, eti sakafu ina ufa, gesi ya makaa itawadhuru."

Akitoka, Sajini alipita mbele ya chumba hicho cha watoto. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Hakuona kitu ila magodoro na mifarishi ya familia, yamepangwa juu kwa juu katika mafungu mawili marefu, yakiwa yamefunikwa kwa shuka hadi chini. Aliweka kiganja sakafuni. Baridi kama jiwe la mtoni. Alifuata ukingo wa karatasi kwa vidole, pembe hadi pembe, asipate ufa.

Alasiri alimkuta Bwana Noh katika nyumba ya wageni karibu na mto, amekasirika, anakunywa chai ya shayiri.

"Mtanipatia lini kabati langu? Jumamosi nakwenda Seoul. Mteja wangu, mgeni kutoka Ulaya, hatangoja. Anataka kuweka pombe zake humo."

"Pombe? Ndani ya kabati la nguo?"

"Wao wanakaa kwenye viti, dada. Kwao kabati letu ni fupi, linafaa kwa chupa na taa juu yake." Hasira ikampungua, maana mambo haya aliyapenda. "Kila watu hutengeneza vyombo kwa jinsi wanavyokaa na wanachokiogopa. Wachina walipanda kwenye viti zamani, makabati yao yakarefuka nao, mtu anafungua akiwa wima. Wajapani waliogopa moto. Kuna makabati yao yana magurudumu, nyumba ikiwaka unasukuma, unakimbia. Sisi tunakaa sakafuni. Kabati linakuja usawa wa macho ya mtu aliyekaa, lina miguu ili joto la chini lisiachanishe gundi, na..."

"Una picha yake?"

Alikuwa nayo. Sajini Pyo aliisogeza dirishani. Mbao za mzelkova, mistari yake kama vilima viwili, bawaba za shaba zenye umbo la kipepeo. Kisha akaona mishikio ya chuma ubavuni. Mmoja chini, na mwingine juu.

"Mishikio miwili kila upande. Ya nini?"

"Ya kubebea, ya nini tena? Ni masanduku mawili, moja limekalia jingine. Hakuna msumari unaoyashika. Milango yetu mifupi ingepitishaje kitu kizima? Mtu mmoja anayabeba, moja moja. Hamkujua?"

"Hatukuuliza," alisema Sajini Pyo. "Tulimwuliza mwanamume ambaye hajawahi kulifuta vumbi."

Ijumaa, jua likiwa bado halijazama, aliwaomba watu wote wa nyumba waje chumba cha watoto. Sang-uk alitazama saa.

"Gu amekiri?"

"Hana cha kukiri. Bwana Jeong, umesema watu wanne. Wewe huna hatia, kwa sababu hujui kabati la mama yako. Bwana Noh analijua, lakini angelipata kesho kwa mkataba, aibe kwa nini? Gu hakuwahi kuingia ndani. Aliyelichukua alijua linagawanyika. Alikuwa na nafasi nyumba ikiwa tupu. Aliheshimu sanda. Na kwa siku hizi mbili amekuwa akimpelekea chakula mahabusu mtu asiye ndugu yake, kwa sababu hapati usingizi." Akageuka. "Mama Yeon-ju, tangawizi yako inajulikana kituo kizima."

Mi-ran aliketi chini. Sajini Pyo aliinua shuka la fungu la kwanza la magodoro, halafu la pili. Chini yake vipepeo vya shaba viling'aa.

"Ulizima moto gundi isiachie," alisema. "Umelitunza kuliko mwenye kuliuza."

"Mke wangu?" Sang-uk alipaza sauti. "Wewe unayenipigia kelele kila siku kuhusu kabati la kioo! Umeniaibisha mbele ya mnunuzi kwa sababu gani?"

Mi-ran alimtazama mama mkwe wake, na Bibi Ha akatikisa kichwa haraka, kama anayesema usiseme.

"Nitasema, Mama. Kuna mtu amefungwa." Akafuta uso kwa kiganja. "Baba Yeon-ju, nilipoolewa nilileta kabati, si ndiyo? Majirani walilisifu."

"Sikumbuki. Pengine."

"Halikuwa langu. Kwetu hatukuwa na hata sanduku. Bibi arusi kuingia mikono mitupu, mtaa huu ungenichana hadi leo. Siku mbili kabla ya arusi Mama alitenganisha kabati lake. Sanduku la juu akalitoa kwa mlango wa nyuma hadi kwetu, akiwa amelibeba kichwani mwenyewe. Siku ya arusi likaingia kwa lango la mbele, kama mali yangu. Majirani walipokwisha kuliona na kulizoea, tukalirudisha mahali pake, tukacheka hadi tukalia. Na tangu siku ile hajawahi kunikumbusha, hata tukigombana. Hata mara moja."

Sang-uk alimtazama mama yake, mwanamke mdogo, mgongo umepinda.

"Mama, ulibeba kichwani?"

"Nilikuwa na shingo siku hizo," alisema Bibi Ha.

"Ulipotaka kuliuza," Mi-ran aliendelea, "Mama alisema sawa. Anasema sawa kwa kila kitu. Nikafikiri nilifiche tu hadi mnunuzi aende zake. Halafu ukamtaja Gu, wakaja kumchukua, na kila nikifungua mdomo naona gari la Bwana Noh langoni. Nikawa napika. Sajini, nimekosa. Nipelekeni."

"Mwenye mali ni Bibi," alisema Sajini Pyo. "Bibi, umeibiwa?"

"Nimesogezewa vyombo na mkwe wangu. Toka lini ikawa kosa?"

"Nitaandika hivyo. Lakini siku mbili za mtu haziko mikononi mwa Bibi kuzisamehe, Mama Yeon-ju. Nawe una deni lako, Bwana Jeong, uliyetoa jina lake ukiwa huna hakika. Kesho asubuhi mtakuja wote wawili."

Walikuja. Mi-ran aliinama hadi paji la uso likagusa saruji ya kituo. Gu alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Kwa hiyo ulinilisha vizuri ili nifungwe nimeshiba," alisema.

"Ndiyo, Mjomba."

Gu hakutegemea jibu hilo. Alikohoa, akatazama pembeni. "Chakula kilikuwa kizuri. Simama, sakafu ni baridi." Kisha akamgeukia Sang-uk. "Wewe je? Soko zima liliniona nikivutwa kwa pingu. Utawaeleza mmoja mmoja?"

Sang-uk alitoka nje. Uani mkokoteni wa Gu ulisimama na masufuria yake yote. Akavua koti, akalegeza tai, akaingia kati ya mipini miwili.

Walipita katikati ya soko, karani mbele anavuta, uso umeiva kama pilipili, masufuria yanagongana kila gurudumu likikutana na jiwe. Gu alifuata nyuma, mikono mgongoni.

"Gu! Si ulifungwa wewe?" muuza samaki alipiga kelele.

Sang-uk alisimama. Alishusha mipini, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mabanda ya nyuma: "Alifungwa kwa kosa langu. Hakuiba kitu. Nilimsingizia."

Wanawake wa samaki wakageuka. Hata waliokuwa wakihesabu chenji waliinua vichwa.

"Mmesikia?" Gu aliuliza.

"Tumesikia!"

"Haya, vuta," alimwambia Sang-uk. "Kuna mtaa wa pili."