Nilijua Karatasi Ni Tupu, Bado Nikawasainisha Majirani

Nina miaka arobaini na mbili, mjane mwenye watoto watatu, naishi Kigamboni kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Nyie mtakaosoma haya mtanichukia. Nichukieni tu! Mie mwenyewe sijajisamehe...

Mtaani nilikuwa mtu wa kuaminiwa. Asubuhi nilifundisha chekechea barazani kwangu, jioni niliwaandikia wazee barua zao. Kaka yangu Shabani, tuliyenyonya ziwa moja, alipochaguliwa mwenyekiti wa mtaa, nilijiona na mie nimechaguliwa.

Siku moja akaniletea karatasi zenye nafasi za majina na saini. Akasema tunaomba mradi wa maji, nipite nyumba kwa nyumba. Lakini juu, panapoandikwa kichwa cha habari, palikuwa peupe! Nikamuuliza mbona hapajaandikwa kitu. Akacheka.

"Dada, yaani huniamini mimi? Nitaandika ofisini."

Moyo ulinishtuka, wallahi, lakini nikazipokea karatasi...

Nilizunguka siku tatu, majina naandika mie, wao wanaweka saini. Bi Mwanahawa, jirani aliyenikanda kila nilipojifungua, hajui kusoma. Alinishika mkono.

"Mwanangu, hebu nisomee kwanza kilichoandikwa."

"Ni ya maji, bibi. We weka dole tu."

Nikakichovya kidole chake kwenye wino kwa mkono wangu mwenyewe. Ningemsomea nini, na karatasi ilikuwa tupu?

Maji hayakuja. Yalikuja magreda! Eneo la wazi tulilokuwa tunalima mchicha likazungushiwa mabati, yakasimamishwa matangi ya mafuta, na bomba likachimbiwa nyuma ya nyumba zetu. Tukiuliza getini, walinzi wanatufukuza kama mbuzi. Shabani nikimpigia, hapokei.

Mvua zilipokwisha, kisima cha Bi Mwanahawa, tunachochota nyumba zote za pale, kikaanza kunuka dizeli. Maji yalikuwa na utando unaong'aa juu. Watoto wakatoka vipele. Mwanangu wa mwisho alijikuna mpaka akatoka damu, analia, mie sina la kufanya!

Tukaenda ofisi ya kampuni yenye matangi, watu kama thelathini. Afisa wao alitusikiliza huku anatabasamu, kisha akafungua faili.

"Lakini nyie wenyewe mliridhia," akasema.

Akatusomea. Eti wakazi tulikaa mkutano, tukakubali matangi yajengwe, tukaahidi hatutadai chochote! Nyuma ya muhtasari huo wa mkutano zilibandikwa saini. Majina yote kwa mwandiko wangu...

Wote wakanigeukia. Mama mmoja akanitemea mate usoni. Bi Mwanahawa aliomba aonyeshwe dole lake. Alilitazama, kisha akanitazama.

"Nilikuomba unisomee," akasema. Basi.

Nikajua Shabani atanitetea. Kumbe! Wananchi walipombana kwenye mkutano, akasimama mbele ya umati, mwana wa mama yangu, akasema: "Mimi sikugonga mlango wa mtu. Muulizeni aliyewasainisha!"

Toka siku ile nikawa adui. Watoto wa chekechea waliondolewa wote. Dukani naambiwa chumvi imekwisha, na ninaiona kwenye rafu. Ukutani kwangu waliandika kwa mkaa: MSALITI. Ningebisha nini? Si kweli?

Nilifikiria kuhama. Lakini kisima kile ningemwachia nani? Nikaenda kwa mwanasheria, nikaapa kwa maandishi kwamba nilisainisha karatasi tupu na kwamba mkutano haukuwahi kufanyika. Shabani aliposikia, akaja mlangoni.

"Ukipeleka hiyo, mie si kaka yako tena!"

"Uliacha kuwa kaka yangu uliponinyooshea kidole mbele za watu," nikamjibu. "Ondoka kwangu!"

Nikaipeleka wilayani na kwa wakaguzi wa mazingira. Walikuja, wakapima maji, wakalikuta bomba linavuja. Kisima kikafungwa. Kampuni ikaamriwa itengeneze bomba na kutuletea maji kwa boza. Shabani akavuliwa uenyekiti. Siku hizi yuko Goba, hata kwenye msiba wa shangazi yetu alikaa upande wa pili.

Msidhani tumeshinda. Matangi bado yapo. Mkataba wenyewe wa kampuni kupewa eneo lile mpaka leo hatujauona. Kila tukienda tunaambiwa ni siri. Siri ya nani, wakati mafuta yanapita nyuma ya vitanda vyetu? Na Bi Mwanahawa salamu yangu haitikii. Nimempigia magoti mara mbili. Sitamlaumu.

Ndugu zangu, ushamba na aibu visiwazibe midomo. Wakija na mradi, wa mafuta au wa chochote, dai mkutano wa hadhara. Dai nakala ubaoni, kila mtu aisome, na asiyejua kusoma asomewe mpaka aelewe. Ukiambiwa "saini kwanza, tutaandika baadaye", rudisha kalamu!

Na kama aliyekuletea karatasi ni ndugu yako wa damu... isome mara mbili.