Maswali ya Mkasi

Fundi cherehani mmoja aliitwa Mkasi. Jina alilipata kwa kazi yake, likamganda kwa sababu ya ulimi wake. Yeye na mdogo wake, Kimya, walishona pamoja. Kimya alikuwa mtu wa kutabasamu tu, maneno ya kutafuta.

Asubuhi moja Kimya aliinuka kuchukua uzi. Akayumba, akashika meza. Kiti chake kilikuwa na damu.

"Leo siku ya ngapi?" Mkasi aliuliza.

"Ya tisa, dada."

"Na mwezi uliopita?"

"Kumi."

Midomo ya Kimya ilikuwa imepauka. Kupanda ngazi tatu tu, anahema. Mkasi alifuta kiti, akamfunga mdogo wake kitambaa kiunoni.

"Nimealikwa kliniki," Kimya alisema polepole. "Kuna utafiti wa dawa ya hedhi nzito. Mhamasishaji wao, anayepita mtaani kutafuta washiriki, amesema dawa ni mpya, nitapona kabisa. Ila nisaini haraka, nafasi zinakwisha."

Mkasi akasimamisha cherehani.

"Kama wanajua utapona, wanakujaribia nini? Wewe ni panya?"

"Sijui, dada."

"Basi usisaini kitu. Twende wote, wanieleze mimi."

Siku hiyo hiyo walifika kliniki. Chumba cha utafiti kilikuwa kidogo: mizani, friji ya dawa na kabati la kufuli. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani, aliwakaribisha. Mkasi alilitazama lile kabati kwa jicho baya. Hata salamu aliitikia nusu.

"Muuguzi, mdogo wangu ameambiwa atapona kabisa. Ni kweli?"

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Nani kasema hivyo?"

"Mhamasishaji wenu."

"Amekosea, na nitalifikisha kwa wakubwa leo. Hatujui kama dawa mpya inaishinda ile ya zamani tunayotoa hapa kila siku. Tungejua, utafiti usingekuwepo. Na hakuna wa kumharakisha mtu kusaini."

Mkasi hakutarajia jibu hilo. Lakini moyo wake haukutulia. Mtu anayekiri kosa moja, alijiambia, huenda anaficha jingine.

"Haya. Mtamfanya nini?"

"Wanawake watagawanywa makundi mawili. Kompyuta ndiyo inachagua, kama kura. Kundi moja litapewa dawa ya zamani, jingine dawa mpya. Vidonge vinafanana. Yeye hatajua anameza ipi, wala mimi sitajua. Hivyo hakuna wa kupendelea. Wote watapimwa damu kila mwezi na kupewa vidonge vya kuongeza damu."

"Na hizo damu mnazitoa, mnazipeleka wapi?"

"Kijiko kimoja cha chai kila mara. Inapimwa maabara yetu ya hapa, kisha inateketezwa. Imeandikwa ukurasa wa tatu."

"Akikataa?"

"Atatibiwa kama kawaida, na dawa ile ya zamani."

"Akiingia, kisha akachoka?"

"Anatoka siku yoyote. Hadaiwi hata sababu."

"Na ninyi mnachungwa na nani?"

Muuguzi akamwonyesha namba mwishoni mwa fomu. "Kamati ya maadili. Si mabosi wangu. Kazi yao ni kuwalinda wanaoshiriki."

Mkasi alitoka nje, akapiga palepale. Alidhani simu haitapokelewa. Ikapokelewa. Mwanamume mmoja akamsomea jina la utafiti na tarehe ulipoidhinishwa. Akaongeza: "Malalamiko yakitokea, tupigie sisi moja kwa moja."

Aliporudi, alivuta pumzi ili aanze upya. Kimya akamshika mkono.

"Dada, umeuliza yako. Niache niulize yangu." Akamgeukia muuguzi. "Mimi nataka mtoto. Itakuwaje?"

"Hapo sikufichi. Kwa miezi sita ya utafiti hutakiwi kushika mimba, kwa sababu hatujui dawa mpya itamfanya nini mtoto. Tutakupa njia ya uzazi wa mpango. Kama huwezi kungoja, utafiti huu haukufai."

Walikwenda na fomu nyumbani. Mkasi aliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Kimya alizungumza na mumewe. Siku ya nne alisaini mwenyewe.

"Sijakubali," Mkasi alisema.

"Hujaombwa, dada," Kimya alijibu, akacheka.

Hata hivyo Mkasi alimsindikiza kila mwezi. Mwezi wa pili Kimya alitapika siku tatu mfululizo. "Si nilisema!" Mkasi aling'aka, akampigia muuguzi. Daktari alimwona Kimya siku ileile, akasimamisha vidonge kwa wiki moja, akaandika kila kitu. Kutapika kukaisha. Kimya aliulizwa kama anataka kuendelea. Akasema ndiyo.

Mwezi wa tano, hedhi yake ilikuwa siku tano. Vipimo vilionyesha damu mwilini imeongezeka. Sasa alipanda ngazi huku anaongea.

Utafiti ulipokwisha, wanawake waliitwa kusikia matokeo. Dawa mpya ilisaidia sawa tu na ya zamani, haikuishinda. Kimya alikuwa kundi la dawa ya zamani.

"Kumbe ilikuwapo siku zote," alinong'ona, "nami nilikaa nyumbani navuja damu."

Baada ya mkutano, muuguzi alimwita Mkasi pembeni. Utafiti mwingine ulikuwa njiani, wa akina mama wajawazito. Walitaka mtu wa mtaani azikague fomu kabla hazijatumika.

"Mnanitaka mimi? Mimi siwaamini."

"Ndiyo maana."

Mkasi alivuta kiti, akaisoma fomu polepole. Ukurasa wa pili kidole chake kikasimama.

"Hapa mmeandika, 'Dawa inaweza kuleta usumbufu kidogo.' Kidogo kwa nani? Kwa anayetapika, au kwa anayeandika?"

Muuguzi akachukua kalamu. Akalifuta lile neno.