Redio ya Shemeji Ilipolia Kiunoni Mwangu

Nina miaka arobaini na tisa. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini msinidharau! Nilianza kwa kusukuma baiskeli ya mawese kwa miguu, Kabambare mpaka Kasongo. Leo nina pikipiki nne na nyumba ya mabati. Mzigo ukiwashinda wengine, Kasongo wanasema: mpeni yule, utafika.

Ndugu wasomaji, kuna mmoja haukufika...

Walikuja wageni wawili kutoka Ulaya, mzee na mke wake. Hawakuwa matajiri. Vitu vya msaada walivikusanya kwao, wakavibeba wenyewe: chupa za kunyonyeshea sokwe wachanga waliopoteza mama zao, buti, mahema, na redio mbili za mkononi, zile tokiwoki. Vyote vilikuwa vya kituo kidogo cha kutunza sokwe, porini nyuma ya Wamaza. Redio moja ibaki kituoni, nyingine iende kambi ya walinzi, ng'ambo ya mto. Wageni wakanitafuta mimi. Wangemtafuta nani mwingine?

Tulipofika Kabambare, yule mama akashikwa na malaria kali. Ikabidi wabaki. Mzee akanishika mikono yote miwili: "Papa, wewe fikisha." Nikamwambia alale usingizi, vitu vimeshafika!

Kituoni nilikabidhi kila kitu. Redio ya kambi tu nikasema nitaipeleka mwenyewe, maana mkubwa wa walinzi kule alikuwa shemeji yangu Ramazani, mdogo wake mke wangu Zaina. Kijana mpole, nilimlea nyumbani kwangu.

Lakini nilipofika senta ya Wamaza nikaifunga ile redio kiunoni. Mbona ilinipendeza! Watu wakaniamkia kwa adabu mpya. Rafiki yangu mmoja akapiga saluti: "Komanda! Vita iko wapi leo?" Nikajiambia, nikae nayo siku mbili tatu, kisha nitaipeleka. Mkuu wa kituo alipotuma mtu kuniuliza, nikajibu bila kupepesa jicho: nimeshampa Ramazani.

Siku ya nne, mchana, nilikuwa nakula bugali na sombe, yale majani ya muhogo, pamoja na wenzangu watatu. Milimani mvua ilikuwa imepiga tangu asubuhi. Ghafla redio ikakoroma kiunoni, sauti ya mkuu wa kituo:

"Ramazani! Ramazani! Mto unajaa. Musivuke kuja huku, mubaki kambini! Umesikia?"

Wenzangu wakaacha kula, wakanigeukia. Kisha yule wa saluti akacheka mpaka tonge likamtoka. "Kumbe Komanda jina yako ni Ramazani? Jibu basi, wanakuita!"

Ningesema nini? Ningesema: si yeye, redio iko kwangu, tumeni mtu mbio kivukoni! Kituo kiko karibu na mto, mtu angefika, angewapigia kelele wasivuke. Lakini wenzangu wananiangalia... Mimi, mtu mzima, nionekane mwizi? Nikabonyeza kitufe, nikalainisha sauti kama ya kijana.

"Nimesikia, shefu. Hatuvuki."

Wakapiga makofi! Walidhani ni mchezo.

Nikaacha chakula, nikawasha pikipiki. Nilijiambia nitawahi. Nani ananishinda barabarani? Lakini udongo ulikuwa kama sabuni, nikaanguka mara tatu. Kivukoni nikakuta walinzi wawili wamelowa, wanatetemeka.

"Yaya, kaka yetu, mutumbwi umepinduka. Sisi tulishika mizizi. Ramazani... maji imemubeba."

Mkuu wa kituo akaja anakimbia, ameshika kichwa. "Lakini alinijibu! Alisema hawavuki! Nilimusikia mimi mwenyewe!"

Redio ilikuwa chini ya koti langu. Na bado sikusema...

Tulimpata kesho yake amekufa, mbali kule mto unakoelekea. Basi maneno yakaanza pale pale msibani: Ramazani alikuwa mkaidi, alimdanganya shefu wake, amejiua mwenyewe. Zaina aliyasikia yote. Alikuwa anazunguka kwa mtu mmoja mmoja, anasema: "Mudogo yangu hakuwa mwongo." Hakuna aliyemwamini. Alipofika kwangu akanitazama, anangoja nimuunge mkono. Wasomaji, ningemtazama kwa macho gani?

Nikaitoa redio, nikaiweka juu ya mkeka mbele ya watu wote. Nikasema kila kitu.

Zaina hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Ulijibu na sauti yake?"

Nikaitika.

Sasa yuko Nyangwe kwa kaka zake. Wageni nao walirudi kwao, sikuthubutu kuwaaga. Mzigo bado napewa, pikipiki ninazo zote nne. Lakini chakula napika mwenyewe, nakula peke yangu.

Nawaomba, ninyi mnaobebeshwa vitu vya watu: vifikisheni siku ile ile, msivivae hata saa moja. Na kama umeshaharibu, usingoje msiba kama mimi. Sema pale pale, mdomo ukiwa bado na chakula. Watakucheka? Waache wacheke! Kuna mtu anashuka kwenye maji...