Bendera ya Meno Manane

Kila siku baada ya masomo, Jemutai alipitia kwenye duka la mama yake la ushonaji pale Kaptembwo, mtaa wa Nakuru. Alivua sweta, akaining'iniza kwenye msumari, akachukua ufagio na kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa vilivyotapakaa chini ya cherehani. Akimaliza, aliketi kwenye cherehani ya pili, ile kuukuu ya kukanyaga kwa miguu, akapinda sketi mbili au tatu kabla ya kwenda kufanya kazi ya ziada ya shule. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na pindo lake lilikuwa limenyooka kuliko la watu wazima wengi.

Mama yake alishona sare za shule. Alikuwa na maneno machache, na hayo machache hakuyapaka asali. Kola ikikaa vibaya alisema imekaa vibaya, hata kama mwenye shati ni kasisi. Wateja walimnung'unikia, kisha wakarudi.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Mwalimu Wanyoike alipomwita Jemutai mbele ya Gredi ya Saba na kumpa kazi ya kushona bendera. Ijumaa ya wiki iliyofuata shule ingempokea Bwana Naftaly. Mwanariadha huyo alikuwa amesoma hapo hapo akiwa mtoto, akija shuleni mbio bila viatu. Miguu yake ilimfikisha Bahrain, ufalme mdogo wa Kiarabu ulio kisiwani, akawa raia wa huko na kushindana mbio kwa jina lake kwa miaka tisa. Sasa alikuwa amestaafu, na alikuwa ameinunulia shule yake ya zamani matangi manne makubwa pamoja na mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye kila paa.

Mtu wa mbali angeuliza tangi la maji ya mvua lina ajabu gani. Mtu wa Nakuru hawezi kuuliza. Maji ya kisima cha shule yalikuwa na madini ya floraidi kupita kiasi, na mtoto aliyeyanywa tangu utotoni aliota meno ya rangi ya chai. Jemutai mwenyewe alikuwa nayo, na alizoea kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Yeye alikuwa amechelewa. Lakini watoto wa Gredi ya Kwanza, ambao meno ya utoto yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka, walikuwa bado na nafasi.

Mwalimu Wanyoike alisema bendera ya Kenya ipo, iliyobaki ni ya Bahrain. Hapo Kiarie, ambaye hakosi neno, akauliza kama huyo mgeni si ndiye aliyewaacha. Kwani bendera yao ilimkosea nini?

"Wewe ukipewa maji," Kui akamjibu kutoka nyuma, "utaliuliza tangi lina pasipoti ya wapi?"

Darasa likaangua kicheko, na kazi ikabaki kwa Jemutai.

Mama alimpa kitambaa cheupe na kipande chekundu kilichosalia baada ya kushona sketi za shule fulani. Alisema huo ni mchango wake, kwa kuwa na yeye ana mtoto anayekunywa maji pale. Mfano wa bendera waliupata katika atlasi ambayo Mama aliitumia alipokuwa sekondari, jalada lake likiwa limeshikizwa kwa utepe wa gundi. Kwenye kurasa za mwisho zilipangwa bendera za dunia. Ya Bahrain ilikuwa nyeupe upande wa mlingoti na nyekundu upande wa pili, na mpaka kati ya rangi hizo ulikuwa na meno kama msumeno. Jemutai alihesabu meno meupe. Yalikuwa manane. Akapima, akachora kwa chaki, akakata, akashona. Mama alipitisha kidole kwenye mshono wote, akasema, "Safi." Neno hilo kwa Mama lilikuwa sawa na hotuba nzima.

Jumatatu, kwenye gwaride la asubuhi, mwalimu mkuu aliikunjua bendera mbele ya shule yote. Wanafunzi mia nne walipiga makofi. Jemutai alihisi kama ameongezeka kimo.

Wakati wa mapumziko Najwa akamfuata. Najwa alikuwa jirani yake wa dawati na mpinzani wake wa kila mtihani. Familia yao iliishi mtaa wa Bondeni, na shangazi yake alikuwa amefanya kazi ya uuguzi huko Bahrain kwa miaka saba. Najwa alimvuta Jemutai kando, mbali na masikio ya wengine, akamwambia polepole kwamba bendera ile ina kasoro.

"Hesabu meno, Jemu. Yanafaa kuwa matano."

Jemutai alihisi makofi yote ya asubuhi yakimporomoka. Hakuhesabu. Alisema jambo la kwanza lililomjia mdomoni.

"Wewe tangu nikushinde Sayansi unanitafutia makosa tu. Hata uzi unapitia wapi kwenye cherehani hujui."

"Cherehani sijui," Najwa akasema. "Kuhesabu najua." Akaenda zake, na alipoingia darasani akahamia dawati la Kui.

Jemutai alienda kwenye chumba cha kompyuta siku iliyofuata ili apate ushahidi wa kumnyamazisha Najwa. Akaandika jina la nchi, picha ikatokea. Akahesabu, akahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Meno meupe yalikuwa matano. Masikio yake yakawaka moto.

Tangu hapo alianza kujitetea moyoni. Bendera ingekuwa juu mlingotini, ikipepea. Nani angehesabu? Tena ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati ya mwalimu, na aliyejua siri hiyo alikuwa Najwa peke yake, naye alikuwa kimya. Akisema ukweli, wale waliomshangilia Jumatatu wangemcheka Jumatano. Akinyamaza, Ijumaa ingepita na kila mtu angebaki na furaha yake. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri, ila haikumpa usingizi.

Jumatano watoto wa Gredi ya Kwanza walifanya mazoezi ya wimbo wa shukrani uwanjani, na Jemutai akatumwa kuwapanga mistari. Mmoja wao, Sue, mwenye pengo mbele, alimshika sketi akamuuliza kama ni yeye aliyeshona bendera ya mgeni. Jemutai akaitikia.

"Akiiona atajua ni ya kwao?" Sue akauliza.

Jemutai alimrekebishia mtoto kola, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

Jioni hiyo alimweleza Mama kila kitu akiwa amesimama mlangoni, ufagio mkononi. Mama hakupaza sauti. Aliuliza nani mwingine anajua, na Jemutai akamtaja Najwa. Akauliza alimjibu Najwa nini. Jemutai akalirudia jibu lake neno kwa neno, na likasikika baya zaidi kuliko lilivyosikika shuleni.

Mama akaweka mkasi mezani.

"Basi una kazi mbili, na ya kushona ndiyo rahisi. Kesho asubuhi utamwona mwalimu. Sasa hivi, vaa sweta, twende Bondeni jua lingali juu."

Nyumbani kwa akina Najwa walikaribishwa chai na mahamri. Jemutai hakuigusa chai yake kabla ya kusema alichojia. Alisema amehesabu, yalikuwa manane, na kwamba alimtukana mtu aliyekuja kumsaidia. Alimwomba radhi.

"Ulisema sijui cherehani," Najwa akasema, hajatabasamu bado.

"Nilisema."

"Na ni kweli sijui." Akamsogezea sahani ya mahamri.

Shangazi Samsam, yule muuguzi, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akaja na kuketi nao. Akataka kujua hayo meno manane yalitoka wapi. Mama akamweleza habari ya atlasi, na Shangazi akatikisa kichwa kwa kuelewa. Alisimulia kwamba hapo kale bendera ya Bahrain ilikuwa nyekundu tupu. Miaka kama mia mbili iliyopita watawala wa huko walitia sahihi mkataba wa amani na Waingereza, ndipo nyeupe ikaongezwa. Katika miaka ya elfu moja mia tisa na thelathini mpaka wa rangi hizo ulikatwa meno ili bendera isichanganywe na za majirani, na wakati huo meno yalikuwa mengi, ishirini na manane. Baada ya uhuru yakapunguzwa hadi manane. Kisha mwaka wa elfu mbili na mbili, nchi ilipotangazwa kuwa ufalme, yakabaki matano, kwa ajili ya nguzo tano za Uislamu.

"Kwa hiyo atlasi yenu haikusema uongo, mwanangu," Shangazi akamalizia. "Ilisema ukweli wa zamani. Mwenye kuusoma ndiye anayepaswa kuuliza kama bado uko vile vile."

Asubuhi ya Alhamisi Jemutai alimsubiri Mwalimu Wanyoike mlangoni mwa ofisi. Alisema yote, hata sehemu ya Najwa. Mwalimu aliitoa bendera kabatini, akayahesabu meno yeye mwenyewe.

"Na mimi nilipiga makofi bila kuhesabu," akasema. "Ichukue. Kesho kabla ya saa mbili iwe hapa."

Kitambaa chekundu kingine cha rangi ile hakikuwepo dukani, na muda wa kukitafuta haukuwepo. Mama aliitandaza bendera mezani, akaitazama kama anavyotazama suruali iliyokatwa vibaya. Aliamua wafumue mshono, wakate yale meno manane yote, wachonge matano mapya, kisha wapunguze bendera nzima ili vipimo visipotee.

"Itakuwa ndogo kidogo," Jemutai akalalamika.

"Itakuwa ndogo na itakuwa kweli," Mama akajibu. "Shika wembe, ufumue."

Najwa alikuja baada ya masomo, akaketi kwenye kigoda na kufumua upande wa pili. Alijichoma kwa pini mara mbili, na mara ya pili akasema sasa anaelewa kwa nini Jemu ana hasira za karibu. Mama alimpa rula na chaki, akamwambia yeye ndiye wa hesabu. Najwa akapima kimo kipya, sentimita themanini, akagawa kwa tano, akaweka alama kila baada ya sentimita kumi na sita. Aliwakumbusha wahesabu meno meupe pekee, kwa kuwa mekundu ya juu na ya chini ni nusu na yanachanganya watu. Jemutai alishona polepole, akigeuza kitambaa kwenye kila ncha. Walipomaliza jua lilikuwa bado kwenye paa la mkabala, na wote watatu wakahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano.

Ijumaa Bwana Naftaly aliwasili akiwa amevaa suti ya kijivu, mwembamba kama alivyo kwenye picha. Alicheka waziwazi, na watoto waliona kwamba meno yake yalikuwa ya rangi ya chai kama yao. Maskauti walipandisha bendera mbili. Gredi ya Kwanza wakaimba. Mgeni aliinua uso kutazama mlingoti wa pili, na midomo yake ikasogea kidogo.

Alipopewa nafasi ya kuzungumza, alisema amepokewa mahali pengi kwa bendera za kila aina. Wengine huweka ya nchi jirani, wengine huweka ile ya zamani. Yeye hushukuru na kunyamaza, maana mgeni hakosoi kitanda alichotandikiwa.

"Leo nimehesabu, na nimefika tano," akasema. "Nimeona mtu hapa alijisumbua kwa ajili yangu. Ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Jemutai. Akasimama. Ingekuwa rahisi kusema "ni mimi" na kuketi.

"Mimi nilishona manane," akasema. "Aliyehesabu ni Najwa. Nilimtukana, na bado akaja kunisaidia kufumua."

Watu wengine walicheka, Kiarie akiwa wa kwanza, lakini kicheko hicho hakikuuma kama alivyokihofia. Bwana Naftaly aliwaita wote wawili mbele, akawapa mkono mmoja mmoja. Kisha akafungua bomba la tangi la kwanza, na maji yakatoka.

Wazazi walikuwa wamesimama nyuma. Jemutai alipofika kwa mama yake alitegemea kusikia "safi" tena. Mama alimuuliza kama amemshukuru Najwa.

"Nilimwomba msamaha, Mama. Tulipoenda kwao."

"Sikukuuliza hilo. Msamaha ulikuwa wa kukuondolea wewe aibu. Shukrani ni haki yake." Mama akamwekea kola sawa, kwa mikono ile ile inayoweka kola za shule nzima. "Jumatatu watu mia nne walikusifu, wakakuacha na kosa lako. Mmoja ndiye aliyejali kukwambia. Mtu kama huyo ukimpata, usimjibu kwa ukali. Mshukuru, kisha hesabu upya. Mimi huwaambia wateja ukweli kwa sababu nawapenda, na wachache sana wamewahi kuniambia asante. Usiwe kama wao."

Jemutai alirudi uwanjani. Najwa alikuwa kwenye foleni ya tangi, kikombe mkononi, akibishana na Kui nani alitangulia. Jemutai akajipenyeza karibu naye.

"Asante, Najwa," akasema.

"Si ulishasema juzi?"

"Juzi nilikuwa naomba radhi. Hii ndiyo asante."

Najwa akamtazama, akakubali kwa kichwa, kisha akamwachia nafasi mbele yake kwenye foleni.