Anayekataa Dawa

"Muwekee mu chai yake. Hata hatajua."

Kaltumu alinong'ona akimsukumia nesi wa wodi, Uwingabire, kikombe. Nesi akakirudisha mezani.

"Hapana, dada. Mugonjwa akisema hapana, mi siwezi kumudanganya."

"Lakini anaumia! Haumuone?"

Kumwona, walimwona wote. Hakimu, fundi cherehani wa mtaa wetu wa Mbugangari, mchumba wa Kaltumu, alikuwa na saratani ya ini, na madaktari walishaacha kuzungumzia kupona. Kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Dawa ilikuwepo, yeye akawa anauma shuka na kuikataa. Ubishi wake tunaujua mtaani: kitambaa chako kikiwa kifupi, hashoni hata ulie. Lakini huu ulitushinda. Mtu anakataaje nafuu?

"Umeshamuuliza juu ya nini anakataa?" Uwingabire akasema.

Kaltumu alikuwa amebembeleza, amelia, amegomba. Kuuliza, hakuwa ameuliza. Akaketi kando ya kitanda.

"Hakimu, niambie. Unaogopa nini?"

"Ile dawa inachanganya kichwa yangu. Siku ile nilikunywa, sikujua hata niko wapi."

"Na basi?"

"Na ndoa je? Papa yako akija, shehe akiniuliza, niseme 'nimekubali' na akili ya dawa? Watu watasema ile ndoa si ndoa. We utabaki nani kwangu?"

Machozi yalimtoka Kaltumu. Baba yake, mzee Kadiri, alisema ndoa itafungwa Hakimu akipona. Kumbe huyu alikuwa akimngoja mzee huku amekodoa macho, akiungua kwa maumivu! Akapiga simu palepale.

"Papa, Hakimu hatapona."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Nikikuoza leo, kesho uko mujane."

"Ujane utanipata tu, Papa. Donc, basi, nipate kwanza bwana. Anakataa dawa juu ya kukungojea."

"Ananingojea mimi?"

"Wewe, Papa."

Kabla ya adhuhuri mzee aliingia na shehe na majirani wawili. Alipomwona Hakimu anavyotetemeka, alilia bila haya. Akamshika mkono.

"Nimekuoza binti yangu Kaltumu, kwa mahari ya musahafu."

"Nimekubali."

Alisema kwa nguvu hata wagonjwa wa vitanda vya mwisho wakageuka. Kisha akamtafuta nesi kwa macho.

"Bon. Lete sasa ile dawa."

Uwingabire akampimia. Kaltumu akainua kichwa cha mumewe, akamnywesha polepole, hadi tone la mwisho.

"Nikiamka utakuwa hapa?" Hakimu akauliza, ulimi ukianza kuwa mzito.

"Niko hapa, bwana yangu. Hata usipoamka, bibi yako iko hapa."