Mlango wa Nyumba Isiyokuwapo

Jioni ile fundi cherehani alifunika mashine yake mapema, akamfunga mama yake kitambaa kiunoni, ncha ya pili akaizungusha kwenye kiganja chake mwenyewe, wakatoka kwenda kutafuta mlango. Waliowaona njiani walicheka chini chini. Acha wacheke. Anayecheka hajawahi kupotelewa na mama.

Mama huyo, bibi kizee, miguu ilikuwa mizima kama ya msichana. Kilichokuwa kimechoka ni kichwa. Kila jua likianza kuzama aliinuka, akajifunga kilemba, akasema, "Haya, mmenikirimu vya kutosha. Narudi kwangu."

Kwangu gani? Kwake kulishabomolewa. Mtaa mzima ulilala chini, nyumba moja baada ya nyingine, na kinyozi na mashine ya kusaga na kisima, watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Pale palipokuwa na nyumba yao sasa palisimama jengo la vioo ambalo ukitaka kuona mwisho wake lazima kilemba kikuanguke. Bibi alilitazama mara moja tu akasema, "Hilo nalo limesimama tu, kama mgeni asiyeambiwa akae."

Walipata chumba huko pembezoni, chumba chenye kuta na paa na pazia la gunia. Mlango hakuna. Mwenye nyumba alisema mlango ni juu ya mpangaji. Basi bibi akawa anatoroka. Alikutwa kwenye ua wa mabati wa lile jengo, anabisha kwa kidole, taratibu, kama mtu anayejua ndani kuna watu. Mara ya mwisho lori la kokoto lilisimama likiwa limebakiza kugusa goti lake. Dereva alishuka, akamtukana bibi, akamtukana na fundi, bintiye, kisha akakaa chini pembeni ya barabara akalia.

Ndiyo maana ya mlango. Ama apate mlango wenye komeo, ama amzike mama yake.

Milango ya nyumba zilizobomolewa iliuzwa nyuma ya jengo lile lile, kwenye kiwanja ambacho tingatinga lilikuwa halijakimaliza. Iliegemezwa safu kwa safu, ya jikoni, ya dukani, ya vyoo, mingine bado ina pazia lake. Ukipita katikati yake unahisi unapita mtaa mzima, ila nyumba zimetoka kidogo.

Muuzaji aliitwa Bawaba, kwa sababu alikuwa mwembamba na magoti yake yalilia akitembea.

"Unataka wa mbao au wa bati, dada?"

"Nataka utakaomshinda huyu."

Bawaba akamtazama bibi, akatazama kitambaa. "Basi wa chuma."

Lakini bibi alishakwenda hadi kitambaa kikakaza. Alikuwa ameweka kiganja kwenye mlango wa kijani, mzito, wa kizamani. Fundi akausogelea. Rangi ile aliipaka yeye, kwa brashi mbovu iliyoacha nywele zake humo. Chini palikuwa na alama za makucha ya paka wao. Ulikuwa mlango wao wenyewe.

Na bibi alikuwa anatabasamu. Hajatabasamu tangu wahame.

"Huu," fundi akasema.

Bawaba akauinua pamoja na mwenzake, wakausimamisha kwenye fremu ya miti iliyochimbiwa katikati ya kiwanja. Akasema neno, akaweka kidole mdomoni, lakini mtambo wa kuchanganya zege ulikuwa unanguruma nyuma ya ua, na fundi hakusikia. Alifikiri anapiga hesabu ya bei. Akazunguka na mama yake upande wa pili kuangalia komeo.

Mtambo ukazimika.

Kimya.

Ngo... ngo... ngo.

"Hodi," Bawaba akasema kutoka upande wa pili.

Na mdomo wa fundi, bila kumwuliza mwenyewe, ukasema:

"Karibu."

Mtu akibishiwa mlango wake aseme nini kingine? Kulelewa ndiko huko. Lakini hakuna aliyecheka. Kitasa kilizunguka kidogo... kikarudi. Bawaba akachungulia kutoka upande wa pili, uso umekuwa kama majivu.

"Nani ameitika?" akanong'ona.

"Mimi."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu. Mama yuko kimya."

"Nimesikia wawili," Bawaba akasema. "Mmoja mwanamume."

Akaeleza kwa sauti ya chini, huku akitazama vioo vya jengo badala ya kumtazama mteja. Mlango uliong'olewa hauna habari kwamba nyumba imekufa. Unaendelea kungoja watu. Ndiyo maana wao wauza milango huusimamisha kwanza, wakaubishia, na kila aliyepo hufunga mdomo. Ukikaa bila kuitikiwa, unaelewa. Hapo ndipo unauzwa.

"Na ukiitikiwa?"

"Huo uache, dada. Chukua wa chuma."

"Mimi nimekuja kutafuta komeo, wewe unanipa hadithi. Mama yangu atagongwa na lori, unasikia? Leo ametabasamu."

Bawaba hakubishana. Hakutaja hata bei. Alisema tu, "Uondoke nao sasa hivi. Haulali kwangu." Mfanyabiashara asiyetaja bei anatisha kuliko mbwa asiyebweka, lakini fundi alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huona bahati kila mahali.

Mlango ukafungwa kwenye chumba chao na bibi akatulia. Magharibi hakujifunga kilemba. Alivuta kigoda akakaa ameuelekea, mikono mapajani, kama anayengoja chai. Fundi akashona hadi kola zikaisha. Akafikiri, kumbe ilikuwa ni mlango tu.

Kesho yake jua lilipozama...

Ngo. Ngo. Ngo.

Kidole kimoja. Kisha kikohozi kidogo, kikavu.

Sindano ilimchoma fundi asihisi. Kikohozi kile alikijua. Kilikuwa cha Fundi Saa, mpangaji wao wa chumba cha uani, aliyekuwa akibisha hivyo kila jioni kuomba moto wa kuwashia jiko lake. Watu walipohama yeye aligoma. "Mimi nasubiri mvua ipite," alisema, na ulikuwa ukame. Tingatinga lilikuja jioni, na baadaye wote walikubaliana kwamba alikwenda kwa ndugu zake. Ndugu gani, hakuna aliyewahi kuwaona. Lakini walikubaliana. Ilikuwa rahisi.

"Karibu baba," bibi akasema. "Mbona umechelewa?"

Fundi akafungua. Nje palikuwa na uchochoro na kuku mmoja anayetafuta pa kulala. Hakuna mtu. Ila harufu... Saruji mbichi. Na ndani ya saruji, mafuta mepesi ya saa.

Tangu hapo walizidi. Kila magharibi walibisha wengine, na fundi alimtambua kila mmoja: kicheko cha kinyozi, ambaye moyo wake ulisimama wiki aliyohama, pumzi za mama wa mashine ya kusaga, aliyefika kwa mwanawe akakataa kula hadi akaisha. Wote watu wa mtaa ule. Wote walishazikwa mbali na mtaa wao. Bibi aliongea nao kupitia ubao, akacheka, akauliza habari za watoto.

"Wanasema kwetu kumejengwa upya," akamwambia bintiye. "Vyumba viko wazi."

"Mama, nani anasema?"

Bibi akamgeukia, macho yake safi kama zamani, kabla kichwa hakijachoka.

"Si uliwakaribisha wewe?"

Usiku ule fundi aliongeza komeo la pili. Asubuhi akanunua kufuli. Mchana akaona haya. Jioni akafunga vyote, akaweka na mashine yake ya kushonea mbele ya mlango, akakaa nyuma yake na mguu kwenye pedali.

Alikuwa anatunga uzi. Alifumba jicho moja, kama kila mshonaji anavyofanya.

Kriiik...

Alipofumbua, mashine ilikuwa pembeni. Mlango uko wazi. Na nje hakukuwa na uchochoro.

Kulikuwa na ukumbi wao wa zamani. Sakafu nyekundu yenye ufa uleule, kigoda kilichovunjika mguu, taa ya chemli kwenye msumari wake. Lakini mwisho wa ukumbi kuta zilikuwa za zege bichi, linatiririka maji, na nondo zimechomoza humo kama vidole. Na palikuwa na ngazi. Nyumba yao haikuwahi kuwa na ngazi. Ilipanda ikaingia gizani, na huko juu, sakafu juu ya sakafu, palisikika watu wengi wakihamisha vyombo.

Mama yake alikuwa anatembea katikati ya ukumbi, amejifunga kilemba.

"Mama."

Bibi akageuka. Hakuonekana kutishika hata kidogo.

"Funga mlango, mwanangu. Vumbi linaingia."

Ukajifunga.

Fundi aliuvuta hadi kitasa kikabaki mkononi. Ulipofunguka, uchochoro. Kuku.

Alikimbia hadi kwenye jengo. Mlinzi alikuwa ameketi langoni, kiti chake amekigeuza, mgongo kwa jengo. Juu kabisa, kwenye sakafu ambazo bado hazijatiwa vioo, palikuwa na taa moja ya njano, na mtu amesimama karibu nayo, amejifunga kilemba.

"Nani yuko kule juu?"

"Hakuna mtu, mama. Hata ngazi haijafika kule."

"Na ile taa?"

"Taa ipi?" mlinzi akauliza. Hakugeuka kutazama.

Akaenda kwa Bawaba. Alimkuta anapakia milango yake kwenye mkokoteni, anahama, maana tingatinga limefika kwenye kiwanja chake nacho.

"Niambie," fundi akasema. "Na usinifiche."

Bawaba akakaa, magoti yakalia. "Aliyeendesha tingatinga siku ile ni mdogo wangu. Nilimfundisha mwenyewe: usisukume nyumba kabla hujabisha. Akashuka, akabisha mlango wenu. Hodi. Akaitikiwa."

"Akafanya nini?"

"Msimamizi alikuwa anamwangalia. Jua linazama, kazi haijaisha... Akapanda tena tingatinga."

Yako mengine yaliyosemwa mjini. Wapo waliosema mwenye jengo alileta mganga akazika kitu kwenye msingi. Wapo waliosema alichozika hakikuwa kitu. Mimi sikushika taa, siwezi kuapa.

"Nikiuchoma mlango?" fundi akauliza.

"Uchome," Bawaba akasema. "Halafu mama yako atatokea wapi?"

Hakuuchoma. Kila magharibi alikaa mbele yake, sasa akibisha yeye. Na kila magharibi sauti ya mama yake ilisema karibu. Mama hakutokea, lakini sauti ilikuwapo, na mtu akibakiwa na sauti tu atashikilia sauti.

Kisha wakaja vijana na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama kwenye kuta zote za pembezoni. Hata huko nako kumetakiwa. Majirani walilia, wakauza mabati, wakapanda magari. Fundi aliuza mashine yake. Mlango aliung'oa mwenyewe.

Tangu siku hiyo analala panapomruhusu, chini ya daraja, kwenye ngazi za ofisi, nyuma ya soko, na kila anakofukuzwa mji umepanda juu zaidi na anga imepungua. Jua likizama anausimamisha mlango, anauegemeza ukutani, anabisha. Watu humpita kwa mbali.

"Karibu," mama yake husema.

"Mama, toka."

"Hapa tunaendelea kupanda. Wametuongezea tena sakafu, na bado kuna vyumba havina watu."

"Toka, mama. Nakuomba."

"Nitoke niende wapi, mwanangu? Una nyumba?"

Hana.

Asubuhi anauweka kichwani, anaondoka. Siku moja mchukuzi mmoja sokoni, mtu wa misuli, alimwonea huruma, akasema, "Lete, mama, nikusaidie." Akauinua upande mmoja, akautua palepale, jasho limemtoka.

"Huu unaubeba peke yako?"

Fundi akafikiri. Mlango wa mti mgumu, uliowachosha wanaume wawili kuufunga. Na yeye anautembeza mjini kutwa kama sinia, shingo haimwumi, tena siku hizi unazidi kuwa mwepesi.

Mchukuzi alikuwa anatazama nyuma ya bega lake, kule kwenye ncha ya pili ya mlango. Akarudi hatua moja. Akarudi nyingine.

Fundi hakugeuka. Aliuinua tena kichwani, na kabla hajanyoosha mgongo, upande wa nyuma ulikuwa umeshainuka.